Saa Mbili za Kuibana Dawa

Siku Makarius alipoona damu kwenye mkojo wake kwa mara ya kwanza, alikuwa amesimama kando ya jaruba lake la mpunga, ng'ambo ya Majimoto, jua la saa tano likimchoma kisogo. Hakushtuka kama mtu aliyekutana na jambo geni. Alishtuka kwa sababu alilijua. Rangi ilikuwa ileile, ya chai iliyokolea majani, na matone ya mwisho yalitoka mekundu kabisa. Alifunga suruali, akageuza uso kushoto ili aseme neno, na mdomo ukiwa umeshafunguka akakumbuka kwamba kushoto kwake hapakuwa na mtu. Kaka yake Isidori alikuwa kaburini mwaka wa tisa sasa, nyuma ya kigango, na maradhi yaliyompeleka huko yalianza hivi hivi.

Toka siku hiyo Isidori hakumwacha. Makarius hakumwona kwa macho wala hakusikia sauti yake. Alichohisi ni bega. Kila alipokwenda haja ndogo, shambani au chooni, mlango ukiwa wazi au umefungwa, bega la mtu mrefu lilisogea karibu na lake, na harufu ya tumbaku ya kusokota kwenye gazeti, ile aliyovuta Isidori maisha yake yote, ikampitia puani. Akajizoeza kukojoa amechuchumaa. Bega nalo likachuchumaa.

Kulikuwa na jingine, na hilo alilihofia zaidi kwa sababu lilikuja mchana kweupe. Akiwa anapalilia au anaziba maji, akiinua macho angeona mama mzee mwenye kitenge cha kijani kichwani anapita juu ya tuta kule mwisho wa majaruba, ndoo mkononi, anatembea taratibu kama mtu anayeijua njia. Hakuwahi kufika popote. Makarius akiinamisha kichwa na kuinua tena, tuta lilikuwa tupu na mpunga umetulia. Mama huyo alimjua kwa jina. Aliitwa Nyanzala, mjane wa Kisukuma aliyewahi kuwa jirani yao, na yeye pia hakuwa hai.

Alificha damu kwa miezi minne. Suzana, mke wake, ndiye aliyegundua, siku alipokuta kwenye nguo chafu bukta yenye doa lililokwisha kufuliwa mara nyingi na mtu asiyejua kufua. Hakupiga kelele. Aliifua, akaianika, akamfuata Makarius barazani, akakaa.

“Umeanza lini kuwa Isidori?” aliuliza.

Kesho yake walikuwa zahanati, na wiki iliyofuata Mpanda, ambako walimpitisha kwenye kipimo cha picha na kumwambia kuna kitu kimeota ndani ya kibofu. Wakampa barua ya kwenda Mbeya. Huko wakamwingizia kamera kwa njia ya mkojo, wakaukwangua uvimbe wote waliouona, wakapeleka vipande maabara. Majibu yalipotoka wakamwambia ni saratani, ila imeshika ngozi ya ndani tu ya kibofu, haijazama kwenye nyama. Aina hii, walisema, ina tabia ya kurudi. Kwa hiyo baada ya kukwanguliwa mtu huwekewa dawa humohumo kibofuni, ili kama kuna mbegu iliyobaki isipate pa kuotea. Bahati ilikuwa kwamba watu wa utafiti walikuwa wamefungua kliniki ndogo Mpanda, mtaa wa Makanyagio, kwa ajili ya wagonjwa wa mabonde ya mpunga. Angetibiwa karibu na nyumbani, Jumatano sita mfululizo.

Kliniki ilikuwa nyumba ya kawaida yenye bati la bluu. Daktari wake, Zablon, alikuwa mtu mwembamba anayeongea polepole, na kabla Makarius hajaweka sahihi alimkalisha akamweleza kila kitu. Alimwambia shida ya dawa ya siku zote ni kwamba ukishaiweka kibofuni, mgonjwa akikojoa tu imekwenda, na mkojo unaoendelea kuingia unaizimua hata kabla ya hapo. Hii mpya ilikuwa dawa ileile, lakini imefungwa ndani ya chembe ndogo mno zilizotengenezwa zinate kwenye ukuta wa kibofu. Mkojo unatoka, chembe zinabaki, na zinaiachia dawa kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Makarius akauliza ndogo kiasi gani. Daktari akamwambia achukue punje ya mchele aikate vipande elfu, kisha kipande kimoja akikate tena vipande mia. Hapo angekuwa amekaribia. Akasema pia bila kuficha kwamba huu ni utafiti. Hakuna aliyejua bado kama dawa hii ingeishinda ya zamani, na Makarius alikuwa huru kukataa au kuacha siku yoyote.

Halafu akauliza swali lake, kalamu mkononi: katika ukoo wao, kuna mwingine aliyewahi kuugua hivi?

“Kaka yangu,” Makarius alisema. “Amekufa.”

“Alitibiwa wapi?”

“Hakutibiwa.”

Daktari akaandika. Akamweleza kwamba huku mabondeni chanzo mara nyingi ni kichocho cha utotoni. Wadudu wa kwenye maji, wanaokaa na konokono, wanaingia kwenye ngozi ya miguu na kutaga mayai kwenye ukuta wa kibofu, na kidonda hicho kikikaa miaka thelathini au arobaini bila tiba kinaweza kugeuka saratani. Sigara na tumbaku huongezea. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma saa ya basi kuondoka. Makarius aliitazama miguu yake mwenyewe ndani ya kandambili, na hakuweza kuinua kichwa kwa muda mrefu. Ilikuwa maji tu. Maji aliyosimama ndani yake kila siku tangu alipojua kutembea, na Isidori akiwa pembeni yake.

Hiyo ndiyo ikawa adhabu yake. Kama daktari angesema ugonjwa haujulikani unakotoka, angeweza kuendelea kuishi.

Isidori alikojoa damu msimu mzima. Mwanzoni hawakujali, maana utotoni kwao mvulana aliyekojoa damu alihesabiwa ameanza kuwa mwanamume, na waliwahi hata kushindana. Lakini Isidori alipoanza kukonda alimwomba mdogo wake ampeleke Mpanda, kwa kuwa pikipiki ya ukoo ilikuwa kwa Makarius. Aliomba mara tatu. Mpunga ulikuwa umeiva, ndege wanaushambulia, na Makarius akamjibu kila mara kwamba wavune kwanza, ni kichocho tu, nani hapa hajakojoa damu. Walipomaliza kuvuna, Isidori hakuweza tena kukaa juu ya pikipiki.

Siku ya tatu ya matanga, watu wakiwa wamejaa uani, mjomba mmoja aliuliza kwa nini marehemu hakupelekwa hospitali. Makarius alihisi macho ya uwanja mzima yanamgeukia. Akafungua mdomo kabla hajajua atasema nini. Alisema kwamba asubuhi ya kuamkia siku damu ilipoanza, Nyanzala alikatiza juu ya tuta la Isidori akiwa na ndoo, na kwamba wiki ile aliomba majani ya maboga akanyimwa. Kila neno lilikuwa kweli. Nyanzala alikatiza tuta lile kila siku ya Mungu akienda kuchota maji, na majani ya maboga alinyimwa na nusu ya kitongoji. Lakini maneno yale yakatosha. Baada ya majuma mawili vijana wa kitongoji waliitisha kura ya siri, kila mtu aandike jina la mchawi kwenye karatasi. Karatasi kumi na saba zilikuwa na jina moja, na moja kati yake ilikuwa na mwandiko wa Makarius. Saa sita mchana walienda wakachoma paa la nyumba ya Nyanzala. Mama yule alikaa kwenye kigoda nje, akawafunga kuku wake miguu mmoja baada ya mwingine huku moto ukiunguruma, akajitanda kitenge chake cha kijani, akashika barabara ya Kibaoni kwa miguu. Mwanawe alikuwa mbali, anachunga ng'ombe. Mwaka ule ule ikasikika kwamba Nyanzala amekufa. Wapi na kwa nini, Makarius hakuuliza.

Jumatano ya kwanza alipanda basi la alfajiri, likapita mbugani watu wakiua mbung'o kwa kofia, likavuka Sitalike, na kufikia saa nne alikuwa amelala kwenye kitanda cha kliniki. Muuguzi wake aliitwa Sista Athanasie, mama wa makamo aliyezaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo, mwenye mikono myepesi na lafudhi ya Kirundi isiyokwisha. Aliitoa dawa kwenye boksi la barafu, ina rangi ya zambarau iliyofifia, akamwekea mpira wa mkojo, akaisukuma taratibu, akautoa mpira. Kisha akampa masharti. Abane saa mbili. Kila robo saa ageuke: chali, ubavu wa kulia, kifudifudi, ubavu wa kushoto, ili dawa iguse kila pembe. Akimaliza akojoe amekaa, amwagie choo jiki.

Kulala tu bila kazi ndiko kulikomtesha Makarius kuliko kuwashwa kwa dawa. Shambani angeweza kuinamisha kichwa. Hapa, akigeukia ukutani, mama wa kitenge cha kijani alikuwa anapita juu ya mstari ambako rangi ya chini ya ukuta ilikutana na ya juu. Akigeukia upande mwingine, kulikuwa na kitanda cha pili, kitupu, shuka limenyooshwa.

Jumatano ya tatu kitanda hicho kilikuwa na mtu. Mwanamume wa miaka kama arobaini na mitano, mrefu, mabega ya mchunga ng'ombe, amelala chali na fimbo yake imeegemezwa ukutani. Sista Athanasie aliingia na faili mbili, akasoma majina ili asichanganye: Makarius, na Lyamba Manyanda.

Makarius alilijua jina lile lote. Manyanda lilikuwa jina la marehemu mume wa Nyanzala, na Lyamba lilikuwa jina ambalo mama yule alikuwa akiliita kila jioni, sauti yake ikipita juu ya majaruba, miaka mwanawe alipokuwa bado anachunga jirani.

Lyamba hakumtambua. Aliondoka kitongojini angali kijana, na Makarius alikuwa amepungua kilo nyingi. Alimsalimia kwa heshima, shikamoo mzee, akauliza anatokea wapi. Makarius alisema Mbede. Ulikuwa uongo wa haraka, kama ule wa kwanza.

Lyamba alikuwa mtu wa maongezi. Alisema yeye ni wa Litapunga sasa, ana ng'ombe na mahindi, alianza kukojoa damu mwaka jana. Sista aligonga mlango akasema geukeni, wakageuka, wakawa wanatazamana, kila mmoja kwenye ubavu wake, umbali wa mkono mmoja. Lyamba akaendelea. Alisema daktari amemweleza habari ya konokono na maji, na toka siku hiyo hana usingizi, si kwa sababu ya saratani. Alisema alikulia upande wa Majimoto, na huko walimfukuza mama yake kwa kumsingizia uchawi wa ugonjwa huuhuu.

“Mayu, mama yangu, aliishi kwangu miezi saba,” alisema. “Hakuumwa kitu. Alikaa mlangoni, akaacha kula. Kila asubuhi ananiuliza swali moja tu, ni nani alianza kulisema. Anataja jirani mmoja mmoja, anasema huyu hapana, huyu nilimsaidia kuzaa mtoto, huyu hapana. Alikufa hajampata.”

Makarius aliuliza kwa sauti ndogo kama na yeye, Lyamba, anataka kumjua.

Lyamba alifikiri. Akasema zamani alitaka kumjua ili amuue. Sasa hajui angemfanya nini, lakini bado anataka. Sista akagonga tena, geukeni, na Makarius akashukuru kupata ukuta.

Juma lile hakula vizuri. Suzana alimuuliza kama ni dawa inamtesa, naye akamwambia ukweli wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka tisa. Suzana alikuwepo siku ya matanga. Aliyajua maneno aliyoyasema, ila siku zote alidhani mumewe aliyaamini. Alisema kwamba kama ni kukaa na jambo hili, yeye hataweza kukaa nalo pamoja naye, akaenda kulala kwenye chumba cha watoto waliokwisha kuolewa.

Jumatano ya nne Makarius alisubiri mpaka dawa imewekwa kwa wote wawili, Sista ametoka, na wamegeuka kutazamana. Alisema yeye si mtu wa Mbede. Alitaja jina la kitongoji. Akasema, “Yule ambaye mama yako alikuwa anamtafuta ni mimi.” Akaeleza yote, toka pikipiki mpaka karatasi, bila kujitetea, akamalizia na kuku waliofungwa miguu.

Uso wa Lyamba haukubadilika. Aliketi, akavaa kandambili, akaenda chooni, na kupitia ukuta mwembamba Makarius akaisikia dawa yote ikimwagika kwenye sinki la choo. Zilikuwa zimepita dakika arobaini tu. Lyamba akatoka, akachukua fimbo yake, akapita mbele ya Sista Athanasie aliyekuwa anamwita, akaenda.

Jumatano ya tano kitanda cha pili kilikuwa kitupu.

Sista alimwekea Makarius dawa akiwa amefunga midomo. Alipomaliza akavuta kiti, akamuuliza waliongea nini. Makarius akamwambia. Alitegemea kulaaniwa, na nusu ya moyo wake ilikuwa inalitaka hilo. Lakini Sista Athanasie alikunja glavu zake akazitupa kwenye ndoo.

“Hayo yenu mtayajua wenyewe na Mungu,” alisema. “Mimi nina mgonjwa aliyemwaga dawa na leo hajaja. Simu hapokei. Wewe ndiye uliyemtoa hapa.”

Wakati ule, amelala kifudifudi na mashavu yamebanwa na mto, Makarius aliona alichokifanya. Alidhani anatua mzigo, kumbe alikuwa ameutua juu ya mtu yuleyule. Ikiwa Lyamba angekufa, wangekuwa watatu: mmoja kwa kuchelewa, wa pili kwa uongo, na wa tatu kwa kweli iliyosemwa ili msemaji apate nafuu. Mama wa kitenge cha kijani hakupita ukutani siku hiyo. Alikuwa amesimama.

Saa mbili zilipoisha Makarius alikojoa, akamwagia jiki, akatafuta bodaboda ya kumpeleka Litapunga moja kwa moja. Haikuwa vigumu kumpata Lyamba. Alikuwa zizini anapiga dawa ya kupe, na alipomwona Makarius anashuka alisimama na bomba lake mgongoni, akamngoja amfikie.

Makarius hakuomba msamaha. Njiani aliamua asiombe, maana hiyo nayo ingekuwa kuomba kitu. Alimwambia tu kwamba Sista anamngoja, kwamba dawa ile haifai kukatizwa, na kwamba kama shida ni yeye, yuko tayari kuacha Jumatano yake iliyobaki ili kitanda cha pili kisiwe na mtu.

Lyamba alilishusha bomba chini. Ng'ombe walikuwa wanajisugua kwenye miti ya zizi.

“Ulilisema mbele ya watu,” alisema hatimaye. “Kalifute mbele ya watu. Palepale. Na nisimuliwe na mtu? Hapana. Nitakuja nisikie mwenyewe.”

Jumapili, baada ya ibada kigangoni, Makarius alimwomba katekista ruhusa ya kutoa tangazo. Watu walidhani ni habari za ugonjwa wake, wakakaa wasikilize, wengine tayari na sura za huruma. Lyamba alisimama nje ya mlango, pikipiki yake chini ya jua. Makarius alisema kwamba kaka yake aliuawa na ugonjwa wa kibofu unaotoka majini, uleule alio nao yeye. Alisema Isidori aliomba mara tatu kupelekwa hospitali na yeye ndiye aliyemkatalia. Alisema habari ya Nyanzala aliianzisha yeye, akijua kwamba mama yule anapita pale kila siku, na aliianzisha ili asiulizwe habari ya pikipiki. Kisha akasema jina lake lote, Nyanzala mke wa Manyanda, kwa sauti, maana alikuwa hajalitamka tangu siku ile.

Hakuna aliyelia wala aliyempigia kelele. Makarius aliona jinsi wazee fulani walivyoangalia mikono yao, wakihesabu. Karatasi zilikuwa kumi na saba. Alisubiri kama kuna mwingine atasimama. Mzee mmoja alinyanyuka, ila alivaa kofia akatoka. Mwingine alinung'unika kwamba mambo ya zamani hayafai kufukuliwa, hasa siku ya Bwana. Alipotazama mlangoni, Lyamba alikuwa ameshapanda pikipiki, na vumbi lilikuwa barabarani.

Walimtenga baada ya hapo. Hakuna aliyetangaza, lakini wakati wa kupanda alikosa watu wa kubadilishana nao kazi, na pale dukani mazungumzo yalikatika akifika. Suzana alirudi chumbani bila kueleza, akalala akiwa amempa mgongo. Makarius hakulalamika.

Jumatano ya sita aliingia kliniki akamkuta Lyamba kitandani, chali, ameshawekewa dawa. Hawakusalimiana. Sista alimwandaa Makarius, akatoka, akagonga mlango kila robo saa, nao wakageuka kila walipoambiwa. Mara mbili walitazamana. Lyamba hakufumba macho wala hakuyakwepesha, na Makarius akajikaza asiyakwepeshe yake. Saa mbili zilipotimia kila mmoja alikwenda chooni kwa zamu yake. Ndipo Makarius akagundua, akiwa amekaa, kwamba kushoto kwake hapakuwa na bega. Alikaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akisubiri. Isidori hakuja, siku ile wala baadaye. Nyanzala hakuondoka. Aliendelea kupita juu ya tuta mchana, na Makarius alijifunza kuacha jembe mpaka apite.

Baada ya miezi mitatu waliitwa kupimwa tena na kamera, daktari wa Mbeya alipokuja na mashine yake. Kibofu cha Makarius kilikuwa safi. Zablon alimwonya asifurahi sana, angepimwa hivyo kwa miaka. Cha Lyamba kilikuwa na kinundu kimoja kipya, kidogo kama punje ya dengu, kilichohitaji kukwanguliwa Mbeya kabla hajaanza dawa upya. Makarius alimvizia daktari koridoni akamuuliza kama ni kwa sababu ya dawa iliyomwagwa na wiki iliyokosekana. Daktari alikataa kuzungumza habari za mgonjwa mwingine. Makarius alipomng'ang'ania, alisema tu kwamba kwa mgonjwa yeyote, jambo kama hilo hakuna anayeweza kulijua. Huenda kingeota hata hivyo. Huenda kisingeota.

Makarius alirudi nyumbani na hayo mawili, akalala nayo na kuamka nayo kwa majuma matatu. Ndipo simu yake ikaita kwa namba asiyoijua.

Ilikuwa sauti ya Lyamba. Hakumsalimia. Alisema amepangiwa Mbeya Jumatatu, ndugu zake wako na ng'ombe upande wa Mlele, mkewe ana mtoto mchanga, na hospitali wanataka mtu wa kumsindikiza. Makarius alisikia ng'ombe kwenye simu.

“Wewe njia ya huko unaijua,” Lyamba alisema.

Walikutana stendi ya Mpanda. Safari nzima ya Sumbawanga na kuendelea hadi Mbeya walikaa kiti kimoja wakaongea mambo machache sana: mvua, bei ya madume, jinsi mpira wa mkojo unavyouma ukitolewa kuliko ukiingizwa. Makarius alinunua maji chupa mbili, moja akampa mwenzake, naye akaipokea.

Hospitalini waliketi kwenye benchi mpaka binti wa mapokezi akaita jina la Lyamba. Alikuwa na fomu ya kujaza na alikuwa na haraka. Aliuliza umri, makazi, dini, mara ngapi amekwanguliwa. Kisha akamnyooshea Makarius kalamu bila kumwangalia, akauliza jina la msindikizaji. Makarius akalitaja.

“Uhusiano na mgonjwa?”

Makarius aligeuka kumtazama Lyamba. Binti aliinua macho, kalamu imesimama kwenye karatasi, na nyuma yao foleni ilikuwa inasogea. Lyamba alikuwa anavua mkanda wake ili avae gauni la hospitali. Aliukunja mara mbili, akauweka mikononi mwa Makarius pamoja na simu na fimbo.

“Andika jirani,” alisema, akaingia ndani.